Bastola ya Mfukoni Isikukwamie: Mambo Niliyofundishwa Baada ya Kuaibika

Bastola yangu ilikwama kwenye risasi ya pili. Ashukuriwe Mungu ilikuwa kiwanja cha shabaha, mbele ya karatasi, si usiku natoka mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, na pesa za dagaa. Ya kwanza ililia vizuri. Nikavuta tena: kimya. Kuangalia, ganda tupu limesimama wima, limebanwa na slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, kama bomba la moshi juu ya paa. Bastola hiyo nilikuwa nimetembea nayo miezi 14, kila siku ya Mungu, bila kuifyatua hata mara moja. Nikidhani ninayo silaha.

Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja wa Ujiji, fundi wa silaha aliyestaafu jeshini. Mimi namwita Afande mpaka leo, yeye ananiita Mzee Dagaa. Hakucheka. Alisema tu, "Mzee Dagaa, hebu tuifungue tuone umeilisha nini."

Alitandika gazeti. Akatoa magazini kwanza, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akarudisha slaidi, akachungulia chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kisha akaingiza ncha ya kidole kidogo kuhakikisha kwa kugusa. Hapo ndipo alipoanza kuifungua, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kila kitu nitakachoandika hapa: magazini nje, halafu chemba. Ukigeuza mpangilio huo, ukairudisha slaidi wakati magazini ingali ndani, unajipakilia risasi nyingine mwenyewe huku unaamini umeitoa.

Vilivyotoka humo ndani vilinitia aibu. Nyuzi za suruali. Unga wa dagaa, ule wa magamba unaong'aa. Na utelezi wote ulikuwa umegeuka gundi ya rangi ya kahawia, kwa sababu aliyeniuzia aliniambia mafuta ni mafuta, nami nikapaka alizeti ya jikoni. Mafuta ya kula hukauka yakanata. Mawese ndiyo mabaya zaidi, asubuhi ya baridi yanaganda kabisa. Tafuta mafuta ya bunduki. Weka tone moja kila upande wa reli za slaidi na tone moja juu ya mtutu pale panapong'aa kwa kusuguana, halafu futa yanayozidi. Usimimine kwenye magazini wala kwenye risasi, maana mafuta yanaweza kupenya hadi kwenye fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ikashindwa kuwaka.

Kwa nini ndogo ndizo zinazosumbua? Afande alinieleza kwa kuibana slaidi yangu katikati ya vidole viwili. Bastola ya aina hii inajiendesha kwa teke lake lenyewe. Risasi ikitoka mbele, ganda linasukuma slaidi nyuma, ganda linarushwa nje, springi inarudisha slaidi mbele ikichukua risasi mpya. Bastola kubwa ina slaidi nzito na safari ndefu. Hii ya mfukoni slaidi yake ni nyepesi, kwa hiyo imewekewa springi kali, na safari yake ni fupi. Yote yanafanyika haraka mno, na katika muda huo mdogo springi ya magazini inatakiwa iwe imekwisha inua risasi inayofuata. Uchafu kidogo, springi iliyochoka kidogo, au mkono uliolegea kidogo, basi.

Mkono uliolegea ndio ulikuwa ugonjwa wangu mwingine. Mpini wa bastola ndogo unakaa vidole viwili, cha tatu kinaning'inia, na kiwiko nilikuwa nimekilegeza kama mtu anayepokea chai. Kiganja kikirudi nyuma pamoja na bastola, slaidi inakosa kitu cha kuegemea, inarudi nusu safari. Shika juu kabisa ya mpini, lakini kidole gumba kisiwe kwenye njia ya slaidi, itakukata. Kaza kiwiko. Mkono wa pili ufunike ule wa kwanza.

Sasa namna ya kuipima. Wenzetu Marekani, ambako bastola hizi ni bidhaa ya dukani, husema usiiamini mpaka ipige risasi 200 bila kukwama. Sisi huku risasi tunanunua kwa kibali na zina kikomo, kwa hiyo mimi nilipiga 50 katika siku tatu tofauti, chini ya usimamizi, zote za aina ileile ninayotembea nayo. Hilo la aina ileile lisikupite. Bastola ndogo ni kama mtoto mchaguzi wa chakula. Inaweza kumeza boksi hili na kulitapika lile.

Chukua daftari na kalamu ya rangi. Kila magazini iandike namba. Kila ikikwama, andika magazini gani na risasi ya ngapi. Daftari ndilo lililonionyesha kwamba matatizo yangu yaliyobaki, baada ya usafi na kiwiko, yote yalitoka magazini namba 2, na karibu yote kwenye risasi ya mwisho. Risasi ya mwisho ikikataa kupanda, shuku springi ya magazini imechoka. Ikikwama popote bila mpangilio lakini ni magazini moja tu, angalia midomo yake, zile kingo za juu zinazoshika risasi, kama imepinda. Ganda likisimama kama langu, anza na mkono, kisha uchafu, kisha kucha inayovuta ganda. Na ukivuta halafu ikagonga tu bila kulia, usikimbilie kuifungua: mtutu uelekee kwenye shabaha, hesabu mpaka 30, ndipo uitoe. Tazama kitako cha risasi. Alama ya pini inayogonga fataki ikiwa nzito na fataki haikuwaka, risasi ndiyo mbovu. Alama ikiwa hafifu kama ya ukucha, tatizo liko kwenye pini au springi yake. Hapo peleka kwa fundi mwenye leseni. Jamani, msikate springi kwa koleo eti iwe laini kuivuta.

Yangu ni ya risasi za milimita 7.65, kwa hiyo nina onyo la watu wa 7.65 peke yao. Kitako cha risasi hii kina ukingo uliojitokeza kidogo kuliko mwili wake. Ukipakia risasi fupi, zile zenye tundu kichwani, zinapata nafasi ya kucheza ndani ya magazini, na ukingo wa risasi ya juu unaweza kuteleza nyuma ya ukingo wa ile ya chini. Hapo zimefungana. Hata uivute slaidi mara kumi haitapanda, mpaka utoe magazini na kuzichokonoa. Tumia zenye kichwa cha mviringo zilizovikwa shaba yote, ndizo zinazojaza urefu wa magazini, na wakati wa kupakia hakikisha kila ukingo umekaa mbele ya ule wa chini yake.

Wenye ile Beretta 950 ya 6.35, ambayo mtutu wake unainuka ukibonyeza kitasa, nawaonea wivu kidogo. Mtu mwenye vidole dhaifu anapakia risasi moja kwa moja kwenye mtutu bila kupigana na springi. Lakini mjue haina kucha ya kuvuta ganda. Maganda hutoka kwa msukumo wa gesi tu. Risasi ikigoma kuwaka, kuvuta slaidi hakutaitoa. Inua mtutu, itoe kwa mkono.

Kuna watakaoniambia, kwa nini usinunue rivolva ya risasi 5 uache shida hizi? Wana hoja. Haitegemei teke la risasi, na risasi moja ikigoma unavuta tena inakuja nyingine. Ila nayo hukwama kwa namna yake: chembe za baruti zikiingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda, silinda inabana haizunguki. Na kifyatulio chake ni kizito, kinataka mazoezi. Halafu ni nene. Kwenye kanzu sawa, kwenye suruali yangu ya kazi itaonekana na mwalo mzima.

Mfuko ndio unaoua bastola hizi kimyakimya. Mfuko wake uwe wake peke yake: si funguo, si sarafu, si karanga. Iwe ndani ya ala inayofunika kifyatulio chote. Hapa ziwani kuna unyevu, kuna jasho, na mimi nashika samaki wenye chumvi, kwa hiyo kila usiku naifuta kwa kitambaa kilichoguswa mafuta, na kila mwezi nafungua vibao vya mpini. Kutu yangu ya kwanza ilijificha humo, nje bastola inang'aa kama bibi harusi.

Kosa jingine la kila siku: kutoa risasi ya chemba usiku na kurudisha ileile asubuhi. Kila ikigonga mlango wa chemba, kichwa chake kinaweza kuzama kidogo ndani ya ganda, na iliyozama hupandisha shinikizo ikiwaka. Ilinganishe na mpya kwa kuzisimamisha mezani. Ikiwa fupi kwa kuitazama tu, itenge, usiipige.

Na kuhusu kibali sitasema mengi. Silaha bila leseni ya polisi chini ya sheria ya silaha ya Tanzania ya 2015 ni kesi, si ulinzi. Nikienda kwenye pombe inabaki kwenye kasha lenye kufuli, na wajukuu hawajui kasha liko chumba gani. Siku hizi tunalipana sana kwa simu, ila mteja kutoka ng'ambo ya ziwa bado anakuja na noti kwenye soksi, ndiyo maana nimeendelea nayo.

Magazini namba 2 sikuitupa. Afande aliipaka rangi nyekundu chini, kubwa, mzee kama mimi aone bila miwani. Ni ya mazoezi tu. Naipakia makusudi nikwame, nitoe magazini, nivute slaidi, nipakie upya, na yeye anahesabu kwa sauti. Mara ya mwisho alifika tisa.