Jinsi ya Kufunga Dima ya Taa Nyumbani

Dima, yaani swichi inayomwezesha mtu kupunguza na kuongeza mwanga wa taa apendavyo, hufungwa mahali pale pale ilipokuwa swichi ya kawaida, na kazi yenyewe ya kuunganisha waya ni fupi. Hata hivyo, malalamiko mengi yanayosikika kuhusu dima, kwamba taa inapepesa, inavuma, inakataa kuwaka au inabaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, hayatokani na ufungaji mbaya bali na dima isiyopatana na balbu. Kwa sababu hiyo, yaliyo muhimu zaidi hufanyika kabla bisibisi haijashikwa.

Umeme wa majumbani ni wa mkondo geu, nao hupanda na kushuka katika mawimbi 50 au 60 kwa sekunde, kutegemea nchi. Dima za zamani za kumbi za maonyesho zilipunguza mwanga kwa kuugeuza umeme uliozidi kuwa joto. Dima ndogo ya kielektroniki inayoingia ndani ya ukuta, ambayo Mmarekani Joel Spira aliibuni mwaka 1959, hufanya kazi kwa namna nyingine: hukata sehemu ya kila wimbi, umeme ukaifikia balbu kwa vipande vinavyofuatana haraka mno kiasi kwamba jicho haliwahi kuona pengo. Dima zinazokata mwanzo wa wimbi zilikusudiwa balbu za uzi na za halojeni, kwa kuwa uzi ukishapata moto haupoi mara moja. Zinazokata mwisho wa wimbi huanza kupitisha umeme kutoka sifuri, bila mshtuko, na ndizo kwa kawaida zinazopatana vizuri zaidi na balbu za LED na transfoma za kielektroniki.

Anza na balbu. Si kila balbu ya LED inakubali kupunguzwa mwanga. Inayokubali huandikwa hivyo kwenye kasha au kwenye shina lake, na isiyoandikwa ichukuliwe kuwa haikubali. Ukiifunga kwenye dima, itapepesa, na saketi iliyo ndani yake inaweza kuungua mapema. Taa za tyubu na balbu nyingi za kubana matumizi zilizojikunja hazifai pia, isipokuwa pale mtengenezaji alipoeleza wazi kwamba zinafaa. Dima ya taa isitumiwe kamwe kuendesha feni wala soketi, kwa sababu mota na vifaa vitakavyochomekwa humo vinaweza kuharibika na dima yenyewe ikapata joto la hatari.

Baada ya hapo, piga hesabu ya wati. Kila dima ina kiwango cha chini na cha juu cha mzigo, yaani jumla ya wati za balbu inazoendesha, na watu wengi huangalia kile cha juu peke yake. Chukua mfano wa dima iliyoandikwa wati 40 hadi 400. Ilipokuwa ikiendesha balbu sita za uzi za wati 60, jumla ilikuwa wati 360, na kila kitu kilikuwa sawa. Badilisha balbu hizo kwa LED sita za wati 5, jumla inakuwa wati 30, ambayo haifiki hata kiwango cha chini, na hapo ndipo kupepesa kunapoanza. Upande wa juu nao una mtego wake: LED huvuta umeme kwa mshtuko mkubwa zinapowashwa, na ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri kwamba dima iliyopimwa kwa balbu za uzi ibebe takribani sehemu moja ya kumi tu ya kiwango chake inapotumiwa na LED. Kwa dima ya mfano wetu, hiyo ni wati 40, yaani kiwango cha chini na cha juu vimekutana na hakuna nafasi iliyobaki. Dawa ni kununua dima iliyoandikiwa wati za LED waziwazi, inayoanzia mzigo mdogo wa wati chache, na ikiwezekana kuangalia kama mtengenezaji ametoa orodha ya balbu alizozijaribu nayo. Balbu zote za saketi moja ziwe za aina moja.

Mambo matatu mengine yaangaliwe kabla ya kununua. Kama taa inawashwa kutoka sehemu mbili, mathalani chini na juu ya ngazi, inahitajika dima ya njia mbili, na kwa kawaida dima moja tu ndiyo hufungwa, upande wa pili ukabaki na swichi ya kawaida. Kama dima ni ya kuongozwa kwa simu, mara nyingi huhitaji waya ya nyutro, yaani ile inayorudisha umeme, ambayo katika nyumba nyingi haifiki kwenye boksi la swichi. Na pima kina cha boksi lenyewe: dima ni nene kuliko swichi, hivyo boksi la milimita 25 mara nyingi hubana, na la milimita 35 huziacha waya zikae kwa nafasi.

Katika nchi kadhaa sheria inataka kazi ya namna hii ifanywe au ikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni. Fahamu sheria ya mahali ulipo kwanza. Ikiwa unaruhusiwa kuifanya mwenyewe, zima sakitibreka, yaani swichi ya kukata umeme, ya taa hizo kwenye boksi kuu la umeme. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwani waya moja nyuma yake hubaki na umeme. Waarifu waliomo nyumbani na uache ilani kwenye boksi kuu ili mtu asije akawasha kwa nia njema. Kisha jaribu kifaa chako cha kupimia umeme, tesita au multimita, mahali unapojua pana umeme, pima waya zote za swichi, halafu urudi kuijaribu tesita pale pale pa mwanzo. Hatua hiyo ya mwisho hurukwa na wengi, ilhali ndiyo pekee inayothibitisha kwamba tesita haikufa katikati ya kazi.

Fungua skrubu za swichi ya zamani, ivute taratibu, na upige picha ya waya kabla ya kulegeza chochote. Katika mpangilio wa kawaida utaona waya mbili, pamoja na ya ardhi. Moja huleta umeme kutoka kwenye sakitibreka na nyingine huupeleka kwenye taa. Hapa rangi zinaweza kudanganya: waya ya buluu, ambayo kwingineko ni nyutro, ndani ya boksi la swichi mara nyingi ndiyo inayopeleka umeme kwenye taa, na fundi makini huizungushia tepu ya kahawia kama alama. Usiihesabu kuwa nyutro kwa sababu ya rangi yake. Ukikuta waya nyingi kuliko hizo na hujui kila moja inatoka wapi, mwite fundi.

Kwenye mgongo wa dima, tundu la umeme unaoingia kwa kawaida lina herufi L, na la umeme unaotoka lina alama ya wimbi au mshale. Mchoro uliokuja na dima ndio wenye neno la mwisho. Menya ganda la waya kwa urefu uliotajwa humo, ingiza shaba yote hadi isionekane nje ya tundu, na ukaze skrubu mpaka ishike shaba yenyewe badala ya plastiki. Kisha vuta kila waya kwa vidole. Ikicheza hata kidogo, fungua uifunge upya, kwa maana kiungo kilicholegea hutoa joto, na joto hilo ndilo linaloyeyusha plastiki na kuanzisha moto. Waya ya ardhi iunganishwe na bamba la dima ikiwa ni la chuma, na pia na boksi la chuma. Zikunje waya kwa upole kuelekea nyuma ya boksi, hakikisha hakuna iliyobanwa, ndipo ufunge skrubu za uso.

Washa sakitibreka na ujaribu taa kwa mwanga kamili kwanza, kisha uushushe polepole. Dima nyingi za LED zina skrubu ndogo au kitufe cha kupanga mwanga wa chini kabisa. Kama ni skrubu iliyo chini ya bamba la uso, zima sakitibreka tena kabla ya kulifungua. Panga kiwango hicho juu kidogo ya pale taa zinapoanza kupepesa, zizime, subiri kidogo, uziwashe zikiwa chini hapo hapo; zisipowaka zote, ongeza.

Dima inayofanya kazi huwa na joto kiasi, na hilo ni la kawaida. Ikiwa huwezi kuweka mkono juu yake, au unasikia harufu ya plastiki, zima sakitibreka na ukague mzigo na viungo. Mvumo mdogo mara nyingi huisha ukibadilisha aina ya balbu au ukiweka dima inayokata mwisho wa wimbi. Taa inayong'aa hafifu ikiwa imezimwa huashiria kwamba umeme kidogo unapenya kwenye dima, na kwa sababu hiyo hiyo, siku ya kubadilisha balbu, zima sakitibreka badala ya kuitegemea dima.