Somo: Namna ya kumpata fundi bingwa wa injini ya gari la kale la spoti kwa bei ya haki

Ndugu wanachama, bei ninayoiita ya haki ni ile ambayo kila sehemu yake imetokana na kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi, iwe bei hiyo ni kubwa au ndogo. Nililijua hilo baada ya hasara. Gereji moja iliniambia kwamba injini yangu inahitaji oveholi nzima, yaani kufunguliwa yote na kufanywa upya, kwa kuwa ilikuwa ikitetemeka gari likiwa limesimama. Nililipa, injini ikafunguliwa na kufungwa tena, na mtetemo ukabaki vilevile. Fundi wa pili alikishika kijiti kinachofungua na kufunga njia ya hewa ndani ya kabureta, akakitikisa kwa vidole viwili, kikacheza ndani ya tundu lake. Hewa ilikuwa ikipenya hapo, na injini haikuwa na kosa lolote.

Hatua ya kwanza ni kuijua injini yako kabla ya kumtafuta mtu wa kuitengeneza. Andika namba iliyogongwa kwenye bloku, kisha uchunguze ni magari gani mengine yaliyotumia injini hiyo, kwa maana magari mengi ya spoti yaliazima injini kutoka kwenye magari ya kawaida. Injini ya gari la spoti la MGB yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,798 ni ya ukoo uliotumika pia katika magari ya familia, na ile ya Jaguar iitwayo XK, iliyoanza mwaka 1948, iliendesha magari mengi ya saluni mbali na gari la spoti la E-Type la mwaka 1961. Fundi aliyezoea magari hayo ya saluni anaijua injini yako barabara, na huenda asikutoze ziada kwa ajili ya umbo la bodi. Hali ni tofauti kwa Porsche 911 ya miaka ya 1970 yenye injini ya lita 2.7: kasha la injini hiyo ni la magnesiamu, na uzi unaoshika stadi (boliti ndefu) za silinda hung'oka kwa joto, kwa hiyo hapo inakubidi umtafute mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya pili, ambayo naomba isirukwe na yeyote, ni kulipia vipimo peke yake kabla ya kuuliza bei ya matengenezo. Kipimo cha mgandamizo, yaani cha nguvu ya silinda kubana hewa, hufanywa injini ikiwa imepata joto, plagi zote zimetolewa na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Silinda ikisoma chini kuliko wenzake, fundi humimina humo kijiko cha oili na kupima tena: namba ikipanda, ringi za pistoni ndizo zilizochoka, isipopanda, macho yaelekee kwenye valvu. Kisha kuna kipimo cha uvujaji, ambacho mimi nakiamini zaidi. Pistoni huwekwa juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, hewa yenye shinikizo ikaingizwa kupitia tundu la plagi, nawe ukasikiliza inakotokea. Mvumo kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi, kwenye kabureta ni valvu ya kuingizia, kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi, na mapovu kwenye rejeta yanaashiria gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) au ufa. Omba usimame pale usikie kwa masikio yako.

Hatua ya tatu, tafuta majina, na uanzie kwenye karakana inayochonga krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) na kupanua silinda. Watu hawa huziona kazi za mafundi wote: wanamjua anayeleta krankishafti iliyosafishwa, ikiwa na vipimo vilivyoandikwa, na wanamjua anayeitupa sakafuni na kusema, "Chongeni tu." Uliza ni nani asiyerudisha kazi mara mbili.

Hatua ya nne ni kumtembelea fundi huyo bila gari. Tazama kama ana maikromita (kifaa cha kupimia tofauti ndogo sana za unene), kama vipuri vya injini iliyofunguliwa vimepangwa na kuwekewa alama, na kama anakubali kukuonyesha kazi isiyokamilika.

Hatua ya tano ni mapatano ya maandishi yaliyogawanywa kwa awamu: kufungua na kupima, kuchonga, kununua spea, kufunga na kuwasha. Hakuna awezaye kutaja jumla ya kweli kabla ya injini kufunguliwa, na anayeitaja ama amejiwekea akiba kubwa kwa fedha zako, ama atakuongezea katikati ya kazi. Andikeni pia kwamba spea zote za zamani zitarudishwa kwako.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, fundi anasema lazima nibadilishe siti zote za valvu, yaani pale valvu inapokalia ikifunga, kwa sababu ya petroli isiyo na risasi. Je, ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza mwulize silinda hedi yako ni ya chuma au ya alumini. Hedi ya alumini huwa na siti zilizopachikwa tangu kiwandani, hivyo hoja yake inapungua nguvu. Kwenye hedi ya chuma siti ya valvu ya kutolea moshi inaweza kuliwa, hasa kwa safari ndefu za mwendo mkali, na dalili yake ni nafasi ya valvu (mwanya mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma) kuzidi kupungua kila unapoirekebisha. Kama nafasi haibadiliki, subiri hadi hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine.

Swali: Nikinunua spea mwenyewe, si nitaokoa fedha?

Jibu: Utaokoa kidogo, lakini beringi ikifeli fundi atailaumu spea yako nawe utamlaumu fundi. Mwache anunue, akuonyeshe risiti, na ongezeko lake mlipatane mapema.

Swali: Amekwisha kuifungua injini na sasa anadai mara mbili ya tulichopatana. Nifanye nini?

Jibu: Omba vipimo vya kila silinda na kila shingo ya krankishafti (sehemu yake inayozunguka ndani ya beringi) kwa maandishi, kisha upeleke krankishafti yenyewe kwenye karakana nyingine ipimwe upya. Namba zikilingana, dai lake lina msingi. Zikitofautiana, lipia kazi ya kufungua, chukua vipuri vyako vyote vikiwa na alama, uvihesabu mbele yake kabla ya kuondoka.