Pumzi zinazokatika usingizini: namna ninavyomchunguza mgonjwa wa moyo hapa Kigoma

Nakuandikia wewe tabibu mwenzangu wa zahanati au kituo cha afya, unayeona wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri na huna maabara ya usingizi. Karibu nusu ya wagonjwa hawa pumzi zao huvurugika au kukatika wakiwa wamelala. Wengi hawajui, kwa hiyo ukisubiri walalamike hutawapata.

Hatua ya 1: Punguza maji. Usimpime mtu aliyevimba. Maji yaliyokaa miguuni mchana kutwa hupanda akilala. Shingoni yanabana njia ya hewa, na mapafuni yanamfanya aheme ovyo. Panga furosemaidi (dawa ya kutoa maji mwilini) na dawa zake nyingine, ngoja uzito utulie. Anayeshtuka usiku akihema na kulazimika kukaa huenda bado ana maji mapafuni. Huyo anza naye hapa.

Hatua ya 2: Muulize anayelala naye. Hii ndiyo hatua nisiyoiruka tena. Nilikuwa na mgonjwa, mvuvi wa dagaa, ambaye kwa miezi kadhaa nilimuuliza kama analala vizuri, naye akanijibu, "Vizuri tu, dokta." Siku moja akaja na mkewe. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Mzee akilala, pumzi zake zikoje?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Zinapanda kama za mtu anayekimbia mlimani, zinashuka, halafu kimya. Huwa namgusa bega nijue kama yupo."

Mama yule alikuwa ameeleza pumzi za Cheyne-Stokes bila kuzisomea. Damu inayokwenda polepole huchelewesha taarifa kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo. Mgonjwa anahema kupita kiasi, hewa chafu (kaboni dioksidi) kwenye damu inapungua mno, ubongo unaacha kuamuru pumzi. Hapo koo liko wazi, na huenda asikorome kabisa. Aina ya pili ni ya koo kuziba: anakoroma kwa nguvu, ananyamaza huku kifua kikihangaika, kisha anashtuka kama aliyekabwa. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na zote mbili. Akiridhia, mwombe mwenzake amrekodi kwa simu dakika tatu, kifua kikionekana.

Wavuvi waulize kwanza wanalala saa ngapi. Anayerudi na mtumbwi alfajiri, usingizi wake ni wa mchana. Na usitegemee kusinzia: wagonjwa wengi wa moyo wenye tatizo hili hawasinzii mchana, au uchovu wote wanausingizia moyo.

Hatua ya 3: Futi ya fundi cherehani. Pima shingo. Inayozidi sentimita 40, pamoja na unene, presha, umri uliozidi miaka 50 na kukoroma, inaelekeza kwenye koo kuziba. Mvuvi mwembamba anaweza kukosa yote haya na bado pumzi zikakatika, kwa hiyo uchache wa dalili hizi usikutulize.

Hatua ya 4: Oksimita ya usiku kucha. Ni kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu. Oksijeni ya 97% saa nne asubuhi haikuambii chochote kuhusu saa tisa usiku. Tafuta oksimita inayotunza kumbukumbu. Ondoa rangi ya kucha. Kidole chenye piko kiache, tumia kingine. Mikono ikiwa baridi ipashe joto, kisha funga kifaa kwa plasta. Unahitaji angalau saa nne za usingizi. Mvuvi wa dagaa mpangie siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti samaki naye yuko nyumbani usiku.

Hesabu mara ambazo oksijeni imeshuka kwa 3% au zaidi, ugawe kwa saa alizolala. Ikifika 15 kwa saa, andika rufaa. Oksimita haitakuambia kwa uhakika ni aina ipi, na hesabu ndogo haifuti maelezo ya mke.

Hatua ya 5: Wakati rufaa inasubiriwa. Alale ubavu, kichwa kiinuliwe. Aache pombe na vidonge vya usingizi.

Usimshauri ndugu yeyote anunue mashine ya kupumulia kwa kubahatisha. Mwaka 2015 utafiti wa SERVE-HF ulionyesha kwamba mashine aina ya ASV (inayobadilisha msukumo wa hewa kufuata pumzi za mgonjwa) iliongeza vifo vya moyo kwa wagonjwa ambao moyo ulisukuma nje 45% au chini ya damu iliyomo kila unapopiga, na ambao pumzi zao zilikatika hasa kwa sababu ya ubongo kutoamuru. Ndiyo maana aina lazima ijulikane kabla ya tiba.

Kwenye barua ya rufaa weka majibu ya eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) kama yapo, dawa, uzito, shingo na hesabu ya oksimita. Maneno ya mke yaandike kama alivyoyatamka.