Kuanza Kifaransa Shuleni kwa Msaada wa Kiswahili

Wanafunzi wengi wa Nairobi wanaoanza Kifaransa katika shule ya upili hufafanuliwa kanuni zake kwa Kiingereza, na hapo ndipo baadhi yao hukwama mahali ambapo Kiswahili kingewavusha bila taabu. Kila unapofundishwa jambo jipya, jiulize kwanza Kiswahili hulisemaje.

Chukua somo la kwanza kabisa, lile la kujitambulisha. Ukitaka kutaja umri, Mfaransa husema «j'ai quinze ans», yaani «nina miaka kumi na mitano», na akiona njaa husema «j'ai faim», nina njaa. Anayetafsiri kutoka Kiingereza huandika «je suis» («mimi ni», kama «I am» ya Kiingereza) na kukosa alama, ilhali Kiswahili kilikuwa kimekwisha kumwonyesha njia. Kwa hiyo kariri vitenzi «être» (kuwa) na «avoir» (kuwa na) kwa nafsi zote sita kabla ya kitenzi kingine chochote.

Katika matamshi, «ou» ni «u» yetu, «ch» ni «sh», «gn» ni «ny», na «oi» hutamkwa «wa». Herufi «u» ya Kifaransa haimo katika Kiswahili. Ipate kwa kutamka «i» huku umeviringa midomo kama anayepiga mluzi. Konsonanti za mwisho mara nyingi hazisikiki, hata «parle», «parles» na «parlent» (maumbo ya kitenzi «parler», kusema) zikawa sauti moja, na ndiyo maana imla huwatesa wanaoanza.

Jinsia ya nomino ndiyo inayolalamikiwa zaidi, nami huona malalamiko hayo yamepita kiasi. Mtu anayesema «kiti kidogo kimevunjika» na «viti vidogo vimevunjika» bila kusita amezoea upatanisho wa kisarufi tangu utotoni, na ngeli zetu ni nyingi kuliko jinsia mbili za Kifaransa. «Le petit garçon» (mvulana mdogo) hugeuka «la petite fille» (msichana mdogo), kisha «les petites filles» (wasichana wadogo), kwa mantiki ile ile ya sifa kufuata nomino yake. Tofauti ni kwamba umbo la neno la Kifaransa halikufichulii jinsia kila mara. Kwa hiyo usiandike «chaise» (kiti) peke yake daftarini, andika «une chaise», na utumie kalamu ya rangi moja kwa maneno ya kike na nyingine kwa ya kiume.

Baadaye utafika kwenye viwakilishi vya mtendwa. «Je te vois» ni «ninakuona»: «te» hutangulia kitenzi kama vile «ku» inavyotangulia mzizi «ona». Ukanushaji ni rahisi, «ne» mbele ya kitenzi na «pas» nyuma yake: «je ne parle pas», sisemi.

Nambari zifanyie mazoezi barabarani. Matatu ya 46 ya Kawangware ni «quarante-six», ya 58 ya Buruburu ni «cinquante-huit», na ya 111 ya Ngong ni «cent onze». Nauli ndiyo itakayokutoa jasho, kwa sababu shilingi 70 ni «soixante-dix», sitini na kumi, 80 ni «quatre-vingts», ishirini nne, na 90 ni ishirini nne na kumi.

Kwa kuwa mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya upili, una karatasi ya mazungumzo, daftari pekee halitoshi, na ni heri kusema dakika kumi kila siku, hata kwa makosa, kuliko kusoma kimya saa mbili Jumapili. Maktaba ya Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa katikati ya jiji, ni mahali pazuri pa kusoma na kusikiliza. Ukimpata jirani kutoka mashariki mwa Kongo, umepata mwalimu anayeweza kukufafanulia Kifaransa kwa Kiswahili. Ila usishangae akiita sabini «septante» na tisini «nonante», kwa maana Wakongomani walirithi hesabu ya Wabelgiji. Yeye mjibu kwa «septante», lakini kwenye mtihani andika «soixante-dix» kama ulivyofundishwa darasani.