Somo: Kutambua metali na simetali kwa msasa, nyundo, betri na asidi

Somo hili ni la darasa la saba hadi kidato cha pili. Utakuwa na sampuli nane mezani, na kwa kila moja utasema ni metali au simetali na utaje ushahidi wako. Vipimo ni vitano. Usiridhike na kimoja, maana kila kipimo kina kitu kinachokidanganya. Grafiti hupitisha umeme ilhali ni simetali. Zebaki ni metali lakini humiminika. Sodiamu ni metali, na unaikata kwa kisu kama sabuni ya mche.

Kwanza tunyooshe maneno, kwa sababu hapa ndipo alama nyingi hupotea. Metali si madini. Madini ni kile kinachochimbwa ardhini, kiwe na metali ndani yake au kisiwe nayo: almasi ni madini, nayo ni kaboni tupu, yaani simetali. Bati la kuezekea nyumba nalo si bati. Ni chuma cha pua (stili) kilichopakwa zinki, au mchanganyiko wa alumini na zinki. Bati lenyewe, alama yake Sn, ni metali laini inayoyeyuka kwenye 232 °C. Huchimbwa Kyerwa mkoani Kagera, na hupakwa juu ya makopo ya vyakula ili chuma kisiote kutu. Shaba tunayoipima hapa ni ile nyekundu, Cu. Ile ya njano ya kufuli na koki za bomba ni aloi ya shaba na zinki. Na kiberiti, kabla ya kuwa jina la kijisanduku cha njiti, lilikuwa jina la salfa.

Hatua ya 1: Sampuli

Tafuta msumari wa inchi 3, waya wa shaba wa sentimita 10, kipande cha kopo la soda la alumini, chubwi moja ya risasi ya wavuvi, kijiko kidogo cha salfa na kipande cha mkaa. Mbili zilizobaki, zinki na fimbo ya kaboni, zimo ndani ya betri kubwa ya tochi iliyokwisha, ile yenye alama R20.

Kuifungua betri hiyo kunataka uangalifu. Hakikisha haikuandikwa "alkaline", kwa sababu hiyo ina potasiamu haidroksaidi inayochoma ngozi na macho. Betri ya simu au ya lithiamu usiiguse kabisa, inaweza kuwaka moto. Vaa glavu na miwani. Bandua ganda la nje kwa koleo, ng'oa kifuniko cha juu, kisha vuta fimbo nyeusi ya katikati taratibu huku ukiizungusha. Ukiivuta kwa nguvu inakatika. Kikopo cha kijivu kilichobaki ndicho zinki. Unga mweusi ni mangani dioksaidi na kaboni, na hautoki kwenye nguo, kwa hiyo tandika gazeti. Osha fimbo na zinki kwa maji mengi, usugue mpaka maji yatoke meupe. Usipoosha vizuri, mabaki ya unga huo yakikutana na asidi kali yatatoa klorini, gesi ya sumu.

Chubwi ishike kwa glavu, na unawe mikono kabla ya kula. Risasi ni sumu inayojikusanya mwilini.

Hatua ya 2: Msasa

Sugua kila sampuli upande mmoja kwa msasa laini, uangalie papo hapo. Msumari, shaba, alumini na zinki zitang'aa. Risasi itang'aa kisha itafifia baada ya muda, kwa kuwa hewa huifunika upya. Mkaa utatoa vumbi tu. Fimbo ya kaboni itapata mng'ao wa kijivu kidogo, na hapo ndipo wengi wanapoiandika metali. Iandike "mashaka", uendelee.

Kopo la soda lina rangi nje na lakiri ndani. Usipoikwangua yote mawili, vipimo vinavyofuata vitapima lakiri badala ya alumini.

Hatua ya 3: Nyundo

Weka sampuli juu ya kipande kinene cha chuma, uifunike kwa kitambaa, uvae miwani, ugonge mara tatu au nne. Risasi hutandazika kama unga wa chapati. Shaba hubapa bila kupasuka. Fimbo ya kaboni na mkaa hupasuka vipande. Salfa ya unga haina cha kugonga. Ukipata bonge lake, nalo litavunjika.

Sababu yake ni mpangilio wa atomi. Ndani ya metali, elektroni za nje hazimilikiwi na atomi moja, zinazunguka kati ya zote na kuzishikanisha. Ukigonga, tabaka za atomi huteleza lakini hazitengani. Ndiyo maana metali hufulika kuwa bamba na huvutika kuwa waya. Elektroni hizohizo ndizo zinazobeba umeme na joto. Wewe jifunze sentensi hiyo moja kuliko kukariri safu nzima ya jedwali.

Kipimo hiki kinadanganywa na chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, kama mwili wa cherehani ya zamani. Kina kaboni zaidi ya asilimia 2, na ukikigonga sana kinapasuka.

Hatua ya 4: Umeme

Unganisha betri mbili za 1.5 V mfululizo, balbu ya tochi ya 2.5 V na vipande vitatu vya waya, uache mwanya wa kuwekea sampuli. Gusanisha ncha za mwanya kwanza: balbu isipowaka, kosa liko kwenye saketi, si kwenye sampuli. Kisha bonyeza ncha mbili kwenye sehemu uliyoisugua, umbali wa sentimita 2.

Chuma, shaba, alumini, zinki na risasi huwasha balbu. Salfa haiwashi. Fimbo ya kaboni inawasha, na ndiyo simetali ambayo mtihani unaipenda kuliko zote. Katika grafiti kila atomi ya kaboni imeshikana na tatu nyingine, na elektroni ya nne imebaki huru kusafiri. Katika almasi zote nne zimefungwa, kwa hiyo almasi haipitishi umeme.

Balbu ikiwaka hafifu, sababu huwa mguso mbaya au betri chovu. Waya wa shaba uliotolewa kwenye koili ya mota hauwashi chochote mpaka uukwangue, maana umepakwa vanishi. Ukitumia risasi ya penseli ya HB (ambayo haina risasi hata chembe, ni grafiti na udongo mfinyanzi) ukazidisha urefu, balbu inaweza isiwake. Fupisha hadi sentimita 2 au tumia ya 4B, yenye grafiti zaidi. Ukibadilisha balbu ukaweka taa ya LED, weka na kizuizi cha ohmu 68, na kumbuka LED huwaka upande mmoja tu.

Hatua ya 5: Asidi na moto

Hii ifanyike maabara, mwalimu akiwepo. Asidi ya haidrokloriki iwe ya 1 M, yaani moli moja kwa lita. Kwa mililita 100, mwalimu hupima mililita 8.6 za asidi kali ya asilimia 36 hadi 37 na kuimimina ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kisha huongeza maji hadi alama ya 100.

Weka mililita 5 kwenye kila neli ya majaribio, tia sampuli yenye ukubwa wa punje ya mahindi. Zinki hutoa mapovu:

Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂

Ziba mdomo wa neli kwa kidole gumba kwa muda mfupi, kisha sogeza njiti inayowaka: haidrojeni hulia "pop". Chuma hutoa mapovu polepole. Shaba haifanyi kitu. Salfa huelea juu, haifanyi kitu.

Makosa ya hapa ni mengi kuliko ya hatua nyingine. Alumini hukaa kimya dakika kadhaa kwa sababu ya tabaka la oksaidi, kisha huchacha ghafla na kupata moto. Usiizidishe ukidhani imegoma. Zinki safi sana huanza kwa uvivu. Matone mawili ya mmumunyo wa mrututu (shaba salfeti) huiharakisha. Risasi hufunikwa na risasi kloraidi isiyoyeyuka, ikaonekana kana kwamba haiathiriwi na asidi. Mkaa nao hutoa mapovu! Hiyo ni hewa iliyokuwa kwenye vitundu vyake, pamoja na kaboni dioksaidi kutoka kwenye majivu. Njiti hailii, kwa hiyo si haidrojeni.

Kwa moto, tumia magnesi na salfa. Shika utepe wa magnesi wa sentimita 3 kwa koleo, uwashe, wala usitazame mwali wake moja kwa moja. Ukianguka ukiendelea kuwaka, umwagie mchanga mkavu, maji huuchochea. Weka majivu meupe kwenye mililita 3 za maji, koroga vizuri, chovya karatasi ya litimasi nyekundu: inageuka bluu, dalili ya besi. Usipokoroga haigeuki, kwa sababu magnesi oksaidi huyeyuka kidogo mno. Kisha, mahali penye hewa nyingi na mbali na mwenye pumu, choma salfa kidogo, kama ukubwa wa punje ya mchele. Huwaka kwa mwali wa bluu na gesi yake hugeuza litimasi ya bluu *iliyoloweshwa* kuwa nyekundu, dalili ya asidi. Litimasi kavu haigeuki.

Kwa kawaida oksaidi za metali ni besi, na za simetali ni asidi. Nasema kwa kawaida: oksaidi za alumini na zinki hufanya kazi pande zote mbili, kaboni monoksaidi haina upande, na shaba oksaidi haiyeyuki majini, kwa hiyo litimasi haiwezi kukuambia lolote juu yake.

Kutoka kwenye sifa hadi kwenye matumizi

Swali la matumizi lijibiwe kwa sifa. "Shaba hutumika kutengeneza nyaya" ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba hupitisha umeme vizuri na huvutika bila kukatika. Nyaya kubwa za nguzoni, hata hivyo, ni alumini. Hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule, lakini densiti yake ni 2.7 g/cm³ dhidi ya 8.96 ya shaba. Kwa uzito uleule alumini inashinda, na nguzo hazielemewi. Katikati huwekwa chuma cha pua ili waya usilegee.

Simetali hazina mng'aro wa kujivunia, lakini angalia kazi zake. Klorini huua vijidudu kwenye maji. Iodini huongezwa kwenye chumvi kuzuia rovu. Salfa ya unga hupulizwa kwenye mikorosho ya Mtwara na Lindi dhidi ya ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga, na ndiyo inayokaza mpira wa matairi. Fosforasi nyekundu ipo ubavuni mwa sanduku la kiberiti, si kwenye kichwa cha njiti. Naitrojeni hujazwa kwenye pakiti za krispi ili mafuta yasichache.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo mwalimu. Sumaku yangu haikuvuta alumini wala shaba. Ina maana si metali? (kidato cha kwanza)*

Marahaba. Sumaku haipimi umetali. Katika metali za kawaida, zinazovutwa waziwazi ni chuma, nikeli na kobalti tu. Itumie kutenganisha chuma na alumini kwenye rundo la vyuma chakavu, kazi ambayo inaiweza vizuri.

*Fimbo ya kaboni imewasha balbu, mkaa haukuwasha. Si vyote ni kaboni?*

Ni kaboni, lakini mpangilio si mmoja. Mkaa wa kupikia huchomwa kwa joto ambalo halitoshi kuziunganisha atomi zake katika tabaka pana kama za grafiti, kwa hiyo elektroni hazina njia. Mkaa uliochomwa kwa joto kali zaidi huanza kupitisha umeme. Kwenye daftari andika ulichokiona, usibadilishe matokeo yafanane na ya fimbo.

*Nikipika maharage kwa magadi kwenye sufuria ya alumini, sufuria inakuwa nyeusi ndani. Je, ni masizi? (mzazi)*

Hapana mama, masizi hukaa nje. Magadi ni alkali, na alkali huila ile oksaidi inayoilinda alumini, kisha hugusa metali yenyewe. Ukwaju na nyanya nazo, zikilala humo usiku kucha, huacha vitobo vidogo. Kwa mapishi hayo tumia sufuria ya stenlesi au chungu, na usiviache vyakula vya namna hiyo ndani ya alumini.

*Nilikoroga mrututu kwenye ndoo ya bati kwa ajili ya kunyunyizia kahawa. Ndoo imevaa rangi nyekundu na kuanza kuvuja.*

Zinki na chuma cha ndoo vimeisukuma shaba itoke kwenye mmumunyo, vyenyewe vikayeyuka na kuingia mahali pake. Rangi nyekundu ni shaba tupu. Fanya jaribio lilelile darasani: gramu 5 za mrututu, mililita 50 za maji, msumari uliosuguliwa; ndani ya dakika 15 msumari umevaa shaba, na ukiuacha muda mrefu zaidi bluu huanza kufifia. Dawa yako nayo imepungua nguvu kwa kiasi cha shaba iliyoganda kwenye ndoo. Korogea kwenye ndoo ya plastiki.

*Silikoni niiweke wapi?*

Usiilazimishe. Inang'aa kama metali, inavunjika kama simetali, na hupitisha umeme kidogo, zaidi ikipashwa joto, kinyume cha metali ambazo zikipata joto hupitisha kwa shida zaidi. Vitabu huiita nusu-metali, na tabia hiyo ya katikati ndiyo inayoifanya ifae kwa chipu za simu na paneli za sola. Mtihani ukikupa safu mbili tu, soma swali: likiuliza mng'aro au likiuliza kugongwa, jibu lako litafuata sifa iliyoulizwa.