Unastaafu Lamu? Anza kuipanga asubuhi yako mapema

Wenzangu wengi wa serikali wakikaribia 60 wanaulizana kitu kimoja tu, nitapata ngapi. Ni swali la maana, lakini mimi niliyemaliza ualimu naona lililonikaba hasa lilikuwa jingine, kesho nikishaswali alfajiri na kunywa chai naenda wapi? Miaka zaidi ya 30 kengele ndo ilikuwa inanipangia siku, halafu hakuna kengele.

Kwa hivyo ukiwa na 54 au 55 chukua daftari, andika siku 7 za wiki, kila siku igawanye kwa vipindi vya swala manake hivyo ndo tunavyoishi, alfajiri mpaka adhuhuri, mpaka alasiri, mpaka magharibi, halafu jaza utakuwa unafanya nini na NANI. Utaona alasiri inajaa yenyewe, Lamu mtu hakosi baraza, kahawa ipo, habari zipo, dhumna ipo. Asubuhi ndo inabaki nyeupe. Basi hiyo ndo ya kupangia kazi.

Ukishapata wazo lijaribu kabla hujatoka kazini. Ukienda likizo, mwezi mzima ishi kama mstaafu, na utumie pesa zile utakazokuwa unapata kwa mwezi, usiguse zaidi. Likizo ya Agosti ni nzuri kwa jaribio hili kwa sababu kusi linavuma na bahari imechafuka, kama wazo lako ni uvuvi utajua mapema kwamba kuna miezi utakaa nchi kavu na lazima uwe na la pili la kufanya. Rafiki yangu mmoja alipopata kiinua mgongo akanunua mashua na mashine kwa mpigo, na kuvua hajawahi, akamwachia nahodha, kusi la kwanza tu mashine ikaharibika na pesa ya kutengeneza hana. Iliniuma sana manake ni mtu mwangalifu. Angeanza na kushirikiana mashua na mtu miaka miwili kabla, angejifunza kwa hasara ndogo.

Shamba nalo lina hesabu yake. Mnazi wetu mrefu unachukua kama miaka 6 au 7 mpaka uzae, ukingoja kustaafu ndo upande utaangua nazi una 67. Panda sasa. Mwembe wa kupandikiza ni afadhali, miaka 3 au 4 hivi unaanza kukupa.

Kwenye pesa nitasema machache. Kwa sisi wa pensheni ya zamani ya serikali, ukichagua mkupuo unachukua robo ya pensheni yako kwa mara moja na robo 3 zinazobaki unalipwa kila mwezi, walioingia mpango mpya ulioanza Januari 2021 wao wanakatwa asilimia 7.5 ya mshahara na serikali inawaongezea 15, kwa hivyo hesabu zao ni tofauti, usikopi ya jirani. Matibabu usisahau, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, Oktoba 2024, na asiye na mwajiri anapimwa kipato cha nyumba yake na kutozwa asilimia 2.75, chini kabisa shilingi 300 kwa mwezi, halafu inalipwa ya mwaka mzima. Itengee kabisa.

Na makaratasi jamani! Barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, kila barua ya kupandishwa cheo, toa kopi uziweke nyumbani. Faili langu kwenye ofisi moja lilikosa barua moja tu na mimi sikuwa na kopi, nikakaa miezi 8 bila kitu nikisaidiwa na wanangu.

Jambo ambalo watu hawalisemi ni la mwenzako wa nyumbani. Mke wangu alikuwa na asubuhi zake, shoga zake wanakuja, wanashona kofia na kuzungumza, mimi nikaanza kukaa hapo hapo ukumbini na watu wakapungua kuja. Aliponiambia nilisikitika, lakini alikuwa na haki. Kaeni mzungumze mapema, nani anakaa wapi saa ngapi, na kama nyumba yenu ni ya ghorofa na ngazi zetu zile za kusimama, chumba cha kulala cha chini kitengenezeni wakati mshahara bado unaingia, magoti hayangoji.

Mimi sasa Jumanne na Alhamisi asubuhi nakaa nje ya madrasa ya mtaani kwetu, mwenye fomu ya basari, barua ya shamba au kitu cha kujazwa kwenye simu anakuja tunakijaza pamoja. Hakuna malipo, ila nikichelewa kidogo mtoto anatumwa nyumbani kuuliza maalim yuko wapi. Kama wewe umeshastaafu na unasoma haya umechelewa kupanga, usianze na wiki nzima, chagua asubuhi moja na mtu mmoja wa kumwambia utakuwepo, uende.