Pistia kwenye beseni: namna ya kuitunza isikushinde

Pistia ni mmea unaoelea juu ya maji yasiyo na chumvi, majani yamejipanga duara kama saladi. Usiichanganye na gugu maji: lile lina vikonyo vilivyovimba na maua ya zambarau, ilhali ua la pistia ni dogo mno, limejificha katikati ya majani.

Kwanza uliza kama sheria inaruhusu unapoishi, maana baadhi ya nchi zimeipiga marufuku.

Mimi huchagua beseni pana kuliko pipa refu, kwa sababu pistia hutanda. Maji yaliyotoka kwenye bwawa la samaki ndiyo bora, yana mbolea tayari. Kwenye maji meupe yasiyo na kitu majani hudumaa na kuwa njano. Joto la nyuzi 22 hadi 30 linaifaa sana. Baridi ya barafu huiua, na maji ya chumvi vilevile.

Weka miche miwili mitatu, uitue juu ya maji bila kuizamisha. Ukitazama jani kwa karibu utaona vinyweleo vyeupe vifupi vinavyonasa hewa. Ndiyo maana tone la maji hujikunja likateleza. Chini, mizizi yenye nyuzi nyingi huning'inia na kunasa tope. Hapo samaki wachanga hujificha, napenda sana kuwatazama.

Kazi hasa ni kupunguza. Mmea mama hutoa kitawi, na mtoto huota nchani. Akishapata mizizi yake, kata kitawi kwa mkasi. Theluthi moja ya uso wa maji ibaki wazi daima. Ukifunikwa wote, hewa haipenyi, na kufikia alfajiri samaki wanahema juu juu.

Chunga pia mbu wa jamii ya Mansonia. Viluwiluwi wao hutoboa mizizi na kuvuta hewa humo, kwa hiyo huwaoni wakielea. Punguza mimea, tena fuga samaki wanaokula viluwiluwi.

Usiwape mifugo ziada ikiwa mbichi: pistia ni ukoo mmoja na magimbi, na huwasha mdomo vilevile. Ianike juani mbali na maji hadi ivunjike mkononi, kisha itie kwenye mboji. Usiitupe mtoni wala mtaroni kamwe, hata mche mmoja. Huo mmoja unatosha kufunika bwawa. Ukisafisha beseni, maji na tope vimwage kwenye udongo mkavu bustanini, kwani mbegu zake hukaa topeni zikisubiri.